Sogea Kidogo, Sikusikii

Simu ya mpishi iliita akiwa amekaa juu ya ndoo anamenya viazi, saa kumi kasoro alasiri, naye akaitoa mfukoni kama mtu yeyote anavyotoa simu. Alikuwa ameshaiweka sikioni ndipo alipokumbuka yuko wapi.

Kambi ile haina mtandao. Sisemi mtandao wake ni dhaifu, nasema haina kabisa. Ipo juu sana mlimani, kule miti inakoishia, imezibwa na kuta za mawe pande tatu, na upande wa nne kuna korongo ambalo ukitupa jiwe husikii likifika. Wapagazi wakishatua mizigo pale, simu zao zinageuka tochi na saa, basi. Mwenye shida ya kupiga anashuka mwendo wa saa mbili mpaka kwenye jiwe fulani, anazungukazunguka hapo mkono juu kama anafukuza nyuki, na akibahatika anapata nusu ya maneno. Miaka kumi na moja mpishi huyu alikuwa anapika pale, na hakuwahi kusikia simu ikiita.

"Haloo?" alisema.

Kioo hakikuonyesha namba. Upande wa pili palikuwa kimya, lakini si kimya cha simu iliyokatika. Kilikuwa kimya cha mtu anayesikiliza. Na badala ya kuuliza nani mwenzangu, kama tunavyofundishana siku zote, mpishi akatamka maneno ambayo mpaka leo anajilaumu nayo.

"Mke wangu, ni wewe?"

"Ni mimi," sauti ilijibu, na kweli ilikuwa sauti ya mkewe.

Hebu nikueleze kidogo habari za mtu huyu, usije ukamwona mjinga. Mlimani walimwita Chumvi, kwa sababu mwaka wake wa kwanza aliwahi kupika supu iliyofanya wageni wamalize maji ya kambi nzima. Kule juu watu hawaitani majina ya nyumbani. Ni desturi ya kazi, na mimi nitaifuata, kwa hiyo usiniulize jina la mtu. Tena hawaitani kwa sauti. Ukungu ukishuka, sauti inakudanganya, unasikia mwenzako yuko kulia kumbe yuko kushoto, kwa hiyo kila mmoja anavaa filimbi shingoni. Ikipulizwa mbili, njoo. Ikipulizwa tatu, simama hapo hapo ulipo, hata kama mguu mmoja uko hewani. Chumvi alikuwa ameizoea filimbi yake mpaka akaihamishia nyumbani. Chakula kikiiva, mbili. Maziwa yakitaka kufurika au mtu akitaka kukanyaga sakafu aliyotoka kuipiga deki, tatu. Mama mkwe wake alilalamika kwamba nyumba imegeuzwa kambi ya jeshi, lakini na yeye alikuwa akisikia tatu anaganda, kijiko mkononi.

Na mkewe alikuwa mjamzito. Mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka, moja mwezi wa nne, nyingine mwezi wa sita, na hii ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa tisa wote wawili wakiibeba kama yai. Chumvi hakutaka kupanda safari hiyo. Mama mkwe ndiye aliyemfukuza. "Nenda kazini," alimwambia. "Zimebaki wiki mbili, na mimi nipo. Au unadhani wewe ndiye utakayezaa?" Ndiyo maana, simu ilipoita mahali isipoweza kuita, hakuuliza imewezaje. Alishukuru tu.

"Unaendeleaje?" alisema.

"Naendelea."

"Na mgongo, bado unauma?"

"Mgongo bado unauma."

"Pole, mke wangu. Mama anakusaidia?"

"Mama ananisaidia. Sogea kidogo, sikusikii."

Akainuka, akatoka nje ya hema la jikoni, akapiga hatua tano hivi. Sauti ikawa safi, kana kwamba mkewe yuko nyuma ya turubai. Basi Chumvi akaanza kumwaga habari, furaha ilimlevya. Akamwambia anavyomenya viazi na vidole vimekufa ganzi. Akamwambia kuna wageni wanne, mmoja ana kofia nyekundu na anasema kila chai aliyowahi kunywa ilikuwa bora kuliko ya hapa. Akamwambia kisigino chake cha kushoto kimetoka lengelenge. Na kwa kuwa roho yake ilikuwa nyumbani, akakumbuka jambo lililokuwa linamnyima usingizi.

"Mwambieni fundi aje afunike lile shimo la choo nyuma ya nyumba. Mama macho yake unayajua, asije akatumbukia."

"Shimo," sauti ilisema taratibu. "Nyuma ya nyumba."

"Ndiyo, hatua kumi tu kutoka mlango wa uani. Lile ni refu, si la mchezo."

"Refu," ilisema sauti, na simu ikakatika.

Alivyorudi jikoni alipokewa na harufu ya maziwa ya moto, matamu, yale ya mtoto mchanga. Akakimbilia jiko akidhani ameacha kitu kinafurika. Jiko lilikuwa halijawashwa. Maziwa pekee waliyokuwa nayo yalikuwa ya unga, ndani ya kopo lenye mfuniko.

Kiongozi wa msafara alikuwa mtu mmoja aliyeitwa Nyundo, mfupi, mnene wa mabega, na mwenye kushuku kila kitu. Hata sukari ukimwambia ni sukari anaonja kwanza. Chumvi alipomhadithia, hakushangilia. Alitoa simu yake akaitazama. Haikuwa na mtandao. Akamwomba mgeni wa kofia nyekundu atazame yake, maana ilikuwa na laini ya kampuni ile ile ya Chumvi. Nayo haikuwa na mtandao.

"Labda yangu ni nzuri zaidi," Chumvi alisema.

"Simu yako ina kioo kilichopasuka na umeifunga kwa mpira," Nyundo alisema. "Ina chaji kiasi gani?"

"Asubuhi ilikuwa arobaini."

"Na sasa?"

Chumvi akatazama. Ilisoma sitini na mbili. Mgeni wa kofia nyekundu akacheka, akasema basi watu wote waweke simu zao karibu na ya mpishi zijichaji. Nyundo hakucheka.

Siku ya pili iliita saa ile ile, ukungu ukiwa umetanda mpaka milango ya mahema. Safari hii Chumvi hakusubiri iite mara mbili.

"Mume wangu," ilisema sauti.

"Mke wangu. Umelalaje?"

"Nimelala. Kisigino chako vipi?"

Akaguswa sana. Wanaume wangapi wanaulizwa habari za kisigino? Akamweleza kisigino, akamweleza mgeni wa kofia nyekundu alivyoitema chai juu ya mawe, wakacheka wote wawili, na sauti ikawa inasema sogea kidogo, sikusikii, naye anasogea, sogea tena, anasogea, hadi alipokatiwa simu akajikuta amelipita hema la choo, amelipita na rundo la mawe la mpaka wa kambi, buti zimelowa, na haoni kitu mbele wala nyuma. Alirudi kwa kufuata filimbi ya Nyundo. Harufu ya maziwa ilikuja naye, na viazi vilikuwa vimeungua vyote.

Baada ya chakula Nyundo alimwita kando. Alikuwa anaanika soksi zake zikauke juu ya bomba la jiko, na hakumtazama usoni.

"Sikuingilii mambo ya nyumba yako," alisema kwa sauti ya chini. "Swali moja tu. Tangu jana, amekwambia jambo gani ambalo wewe hukumwambia kwanza?"

"Mambo mengi."

"Nitajie moja."

Chumvi akafungua mdomo. Akawaza mgongo, kumbe mgongo aliutaja yeye. Akawaza mama, naye alimtaja yeye. Hata "mke wangu" alilitoa yeye mwenyewe kabla sauti haijasema neno lolote. Akaufunga mdomo.

"Mh," alisema Nyundo, akageuza soksi.

Usiku ule Chumvi hakupata usingizi wa maana. Kila alipofumba macho lilikuja jingine. Mkewe, tangu mimba itimize miezi sita, hakumwita mume wangu hata siku moja. Alimwita Baba Kijacho, kwa utani, mbele za watu na nyuma yao. Halafu jirani yao ni fundi wa kuchomelea mageti, anagonga vyuma tangu asubuhi mpaka jua linazama, na mtu akipiga simu kutoka nyumba ile lazima apige kelele. Siku mbili ameongea na mkewe saa za kazi, na hakusikia hata mlio mmoja wa chuma. Alisikia pumzi tu, na nyuma ya pumzi upepo.

Asubuhi Nyundo alinyoosha mkono. "Nipe hiyo simu niizike chini ya mawe."

"Siwezi."

"Chumvi."

"Huwezi kuelewa, ndugu yangu. Zile mbili za kwanza unajua zilikoishia. Kama ni yeye kweli, na ameanza uchungu, na mimi nimezika simu?" Machozi yalimlengalenga, hakuyaficha. "Ikiita napokea. Nisamehe tu."

Nyundo aliurudisha mkono mfukoni. "Basi pokea," alisema. "Ila usitoe kitu. Uliza tu. Muulize kitu ambacho mkeo anakijua, halafu nyamaza umwache ajibu. Na filimbi yako isitoke shingoni."

Mpango ulikuwa mzuri. Chumvi alikaa jikoni tangu saa tisa, mgongo kwenye nguzo ya hema, ameapa moyoni hainuki. Simu ilipoita aliiacha iite mara nne.

"Mume wangu," ilisema sauti. "Mbona umechelewa?"

"Jirani yetu anafanya kazi gani?" aliuliza Chumvi.

Sauti ikacheka kidogo. "Kazi yake ile ile."

"Ipi?"

"Ile anayofanya kila siku. Mbona unaniuliza maswali kama askari? Nimekukosea nini?" Na sauti ikaanza kulia, kile kilio cha mkewe cha uso kwenye mto wa kulalia, ambacho Chumvi alikisikia mara mbili katika maisha yake na asingependa kukisikia tena. "Naumwa, mume wangu. Naumwa na siku nzima nakungoja wewe. Sogea kidogo, sikusikii."

Lo, kiapo kikaishia hapo. Aliinuka bila kujua ameinuka, akatoka, na ukungu ukamlaki, mweupe na mzito, akawa anakwenda huku akiuliza unaumwa wapi, umeanza lini, mama yuko wapi, na sauti haijibu hata moja ila inalia na kusema sogea, hapo hapo, sogea tena, naanza kukusikia, na kila hatua sauti inazidi kuwa karibu, mpaka ikawa kama haitoki tena kwenye simu bali inatoka hatua mbili mbele yake ndani ya ukungu, na ile harufu ya maziwa imejaa puani mpaka kooni, tamu ya kutapisha, na chini ya buti mawe yamekuwa madogo madogo na yanateleza, na upepo unapanda kutoka chini badala ya kuvuma kutoka juu.

"Mtoto akija," ilisema sauti, na kilio kilikuwa kimekoma ghafla, kimefutika, "tumwite nani?"

Chumvi alisita.

Jina la mtoto walikuwa nalo. Walilichagua wawili, chini ya shuka, kwa kunong'ona, na wakakubaliana lisitoke mdomoni mwa yeyote mpaka mtoto alie. Zile mbili za kwanza walitaja majina mapema, wakayatangaza kwa ndugu, na unajua yaliyotokea. Hili hata mama mkwe hakulijua. Mimi nalijua, lakini hapa silitaji, na ukifika mwisho hutanilaumu.

"Jina wewe unalijua," alisema polepole. "Uliliteua wewe."

"Nataka kulisikia kwako."

"Lianze wewe, mimi nimalizie."

Kimya kikawa kirefu. Na sauti iliporudi haikuwa ya mkewe.

"Namenya viazi na vidole vimekufa ganzi," ilisema. "Kuna mgeni ana kofia nyekundu. Kisigino changu cha kushoto kimetoka lengelenge. Mwambieni fundi afunike shimo."

Ilikuwa sauti yake yeye, Chumvi, na kikohozi chake kidogo cha katikati ya maneno, na namna yake ya kuvuta pumzi kabla ya kusema jambo zito. Alijisikia anaongea mbele yake ndani ya ukungu huku mdomo wake umefungwa.

"Sogea kidogo," alijisikia akisema.

Na mguu wake ukainuka. Ndipo nyuma yake, mbali, filimbi ikalia mara tatu.

Miaka kumi na moja ya mazoea si kitu kidogo. Mwili uliganda wenyewe, mguu mmoja hewani. Alipoushusha taratibu kuutafuta mwamba, kisigino kilikanyaga jiwe na vidole havikukanyaga kitu. Chini yake lilikuwa korongo. Akapiga ukelele, akairusha simu huko huko chini kwa nguvu zake zote, akalala kifudifudi akishika mawe kwa kucha mpaka Nyundo alipomkuta na kumvuta kwa mkanda wa suruali.

"Imeanguka?" Nyundo aliuliza, anahema.

"Imeanguka."

Wakasikiliza wote wawili. Korongo lile husikii kitu kikifika. Lakini walisikia kitu kingine, na Nyundo ndiye aliyeniapia. Walisikia simu ikiita huko chini, mara moja, mara mbili, kisha ikaacha kuita kama vile imepokewa.

Kesho yake msafara ulishuka. Chumvi alitembea mbele ya wapagazi wote, kisigino kinatoka damu, hajali. Walifika getini, chini ya mlima, saa sita mchana, mahali ambapo magari yanasubiri na simu za watu wote zinaanza kulia kwa pamoja, na Nyundo akampa yake bila kuombwa. Namba ya mkewe alikuwa nayo kichwani.

"Haloo?"

Nyuma ya sauti fundi wa mageti alikuwa anagonga chuma kwa fujo, kelele ya kupasua kichwa. Chumvi alitaka kulia kwa furaha.

"Ni mimi," alisema, kisha akajing'ata. "Hapana, ngoja. Wewe sema kwanza. Niite."

"Nikuite? Baba Kijacho, una nini wewe? Au nikuite Baba tu siku hizi, maana kijacho kimeshakuja."

Akakaa juu ya mzigo wa hema. "Kimekuja?"

"Wee, acha utani wako! Si nilikwambia jana? Binti, mzima, amezaliwa juzi alfajiri, ana mapafu kama filimbi yako. Tumesharudi nyumbani."

"Jana," alisema Chumvi. "Jana saa ngapi?"

"Jioni, ulivyopiga. Tena kwa namba yako. Ukanipa habari za viazi, na mgeni wa kofia nyekundu, na kisigino, nikacheka mpaka tumbo likauma. Mbona unanitisha?"

Jana jioni simu yake ilikuwa chini ya korongo. Nyundo, aliyekuwa amesimama karibu, aliona uso wa mwenzake ukibadilika rangi akasogea.

"Mke wangu, nisikilize vizuri. Niliuliza nini?"

"Hukumbuki tena? Uliuliza jina. Ukasema baridi imekuvuruga kichwa, umelisahau, nikukumbushe. Nilinuna kidogo, kusema kweli. Lakini nikakutajia."

Kile kitu kilinyimwa mlango mmoja, kikaenda kubisha mwingine.

"Mtoto yuko wapi?"

"Yuko na mama. Si unaongea naye?" Mkewe akasita. "Eh, sasa wewe una simu ngapi? Umempigia mama sasa hivi kwenye simu yake, ukasema unataka kumsikia mtoto analia. Ukasema ndani hasikiki, amtoe nje. Ndiyo ametoka naye."

"Nje wapi?"

"Huko uani. Namwona dirishani, simu sikioni, mtoto begani, anasogea, anasimama, anasogea. Anatafuta mtandao, maskini."

"Shimo limefunikwa?"

"Shimo la choo? Fundi alisema atakuja leo, lakini..."

Hapo mkewe akanyamaza, na Chumvi akajua ameona.

"Mama!" alisikia mkewe akiita. "Mama, rudi! Hanisikii, Baba Kijacho, huyu fundi anagonga, hanisikii, nimeshonwa siwezi kukimbia, mama yuko pale pale..."

"Weka spika! Toa simu dirishani! Mkono wote nje!"

Akaivuta filimbi shingoni, akaibana kwenye simu, akapuliza. Mara tatu. Akavuta pumzi akapuliza tena tatu, mpaka wapagazi wote getini wakaganda walipo na mizigo yao kichwani. Kisha akanyamaza, simu imeshikamana na sikio, na upande wa pili hata fundi alikuwa ameacha kugonga.

Sekunde zile sijui ni ngapi. Chumvi anasema alizeeka ndani yake.

"Huyu mkwe wangu ana wazimu!" ilisikika sauti ya mama mkwe, mbali, kali. "Huku ananiambia sogea, huku ananipulizia filimbi nisimame, nishike lipi?" Kisha kimya. Kisha, kwa sauti nyingine kabisa, ndogo, kama ya mtoto: "Mama yangu. Jamani, mama yangu."

Vidole vya mguu wake vilikuwa vimevuka ukingo wa shimo.

Shimo lilifunikwa siku ile ile kwa bati la fundi wa mageti, na mawe juu yake. Chumvi alifika nyumbani usiku, akamshika binti yake, akaketi naye mlangoni mpaka kukakucha bila kumpa mtu. Baada ya siku saba mama mkwe alimleta mwanamke mmoja anayejua mambo hayo. Hakupiga ngoma wala hakufukiza kitu. Alisikiliza habari yote, tangu viazi mpaka filimbi, akanusa simu ya mama mkwe, akauliza kama ndani kuna mtu anachemsha maziwa. Hakukuwa na mtu.

"Jina mmeshaligawa," alisema. "Halirudi. Lakini jina si mtoto, mpaka mtoto alipokee. Mpeni jingine leo hii, na lile la kwanza lisitamkwe katika nyumba hii. Likiulizwa, jibuni ukweli, kwamba hapa hakuna mtu wa jina hilo. Na asiwepo."

Wakafanya hivyo. Chumvi aliacha mlima, akapata kazi ya kupika kwenye shule moja, akaitundika filimbi kwenye msumari. Walibadili simu, wakabadili na laini. Haikusaidia. Kila baada ya miezi kadhaa simu mojawapo ya nyumba ile inaita, saa kumi kasoro alasiri, bila namba kwenye kioo. Ukipokea unamsikia Chumvi, anakohoa kidogo, anamwomba binti kwa lile jina. Anayepokea anajibu, "Hapa hakuna mtu wa jina hilo," anakata, anafungua madirisha harufu itoke. Miaka minne jibu hilo lilitosha, kwa sababu lilikuwa kweli.

Mwezi uliopita, Jumamosi, mkewe na mama mkwe walikuwa wametoka. Chumvi alikuwa jikoni anakata vitunguu, simu iko mezani sebuleni inachajiwa. Akaisikia ikiita. Akapangusa mikono haraka, lakini akasikia visigino vidogo vikikimbia sakafuni, na kuita kukakoma.

"Haloo?" alisema binti yake.

Chumvi alifika mlangoni mwa sebule kitambaa cha kupangusia bado mkononi. Mtoto alikuwa amesimama wima, simu sikioni, anaitikia kwa kichwa kama wanavyofanya watoto, akidhani anaonekana.

"Ndiyo," alisema binti. "Ndiyo, ni mimi."

"Nani huyo, mama?" Chumvi aliuliza, taratibu kabisa.

Mtoto aligeuka, akamtazama baba yake kuanzia miguuni mpaka usoni, akakunja uso kidogo kana kwamba Chumvi ndiye mgeni.

"Ni baba," alisema. "Anasema nisogee kidogo."